Mchezo wa simu si darasa

Vita vya Januari 2025 vilipofunga shule za Goma, mashariki mwa Kongo, mzazi aliyeanza kutafuta njia ya mkato hakuwa na kosa. Simu ipo mkononi, na ndani yake kuna michezo inayoahidi kumwongezea mtoto akili kwa kumzoesha kukumbuka. Mmoja uko hivi: kisanduku kinawaka kwenye kioo, kinazimika, kinawaka kingine, mtoto abonyeze pale tu kinapowaka mahali kilipowaka hatua mbili nyuma. Akiweza, mchezo unakuwa mgumu zaidi. Mwaka 2008 mtafiti Susanne Jaeggi na wenzake walitangaza kwamba watu wazima waliofanya zoezi la aina hii, wengine hadi siku 19, walipanda katika mtihani wa kufikiri. Watafiti kadhaa waliorudia jaribio hilo baadaye hawakuona kitu hicho, lakini biashara ilikuwa imeshashika kasi. Mwaka 2016 kampuni ya michezo ya aina hii, Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2 za Marekani kwa kuahidi makubwa bila ushahidi.

Ushahidi unaonihusu zaidi ni wa Melbourne, Australia, kwa sababu ni wa watoto. Walichaguliwa 452 wa darasa la kwanza wenye kumbukumbu dhaifu, nusu yao wakafanyishwa mazoezi ya kompyuta shuleni, katika saa za masomo. Miaka miwili baadaye hawakuwazidi wenzao katika kusoma, na katika hesabu walikuwa nyuma kidogo. Mtoto anayefukuza visanduku huwa hodari wa visanduku. Wakati huohuo mwalimu anaendelea na somo bila yeye.

Mtu ataniuliza: mbona huko Uganda mazoezi kama haya yalifaa? Ni kweli, watafiti Paul Bangirana na Michael Boivin waliona nafuu kwa watoto walionusurika malaria ya ubongo, lakini hiyo ni tiba ya ubongo uliojeruhiwa, chini ya uangalizi. Mwingine atadhani nadharau kukariri. Hasha! Anayejua tisa mara saba bila kuhesabu vidole anabakiwa na nafasi kichwani ya kufikiria swali lenyewe. Ila hapo amebeba elimu, wakati kisanduku kikizimika hakimwachii kitu.

Kinachopandisha akili kinajulikana. Uchambuzi wa mwaka 2018, uliohusisha watu zaidi ya 600,000, ulionyesha kwamba kila mwaka wa ziada shuleni huongeza pointi kati ya 1 na 5 katika vipimo vya akili. Kingine ni iodini: hapa kwetu Ziwa Kivu, kisiwani Idjwi, watafiti wa miaka ya 1960 walikuta rovu limeenea, shingo zimevimba kwa kukosa iodini. Upungufu huohuo, mama akiwa mjamzito, hudumaza ubongo wa mtoto kabla hajazaliwa. Basi mwenye faranga za kununua mega za intaneti kila jioni kwa ajili ya mchezo huo, anunue kwanza daftari, kalamu na chumvi yenye iodini.