Mti wa Krismasi na kiwanja cha mita 20 kwa 20

Leo niseme wazi kuhusu ule mti ulionyooka kama mnara, matawi mafupi yamepangana ngazi kwa ngazi, ambao wengi hapa Mtoni tunauita mti wa Krismasi. Sizungumzii mvinje wa ufukweni. Huu ni araukaria. Kitaluni unauzwa ukiwa na urefu wa goti, unapendeza kweli. Ila mteja haambiwi utakuwaje mbele ya safari.

Kwao ni visiwa vya Kaledonia Mpya, Bahari ya Pasifiki. Kapteni James Cook alipopita huko mwaka 1774, wapo melini waliobisha kwamba zile ni nguzo za mawe, siyo miti! Ukikomaa unaweza kufika mita 60, sawa na jengo la ghorofa 20 hivi. Sasa wewe umeupanda hatua tatu kutoka ukutani, juu yake waya wa umeme.

Halafu una tabia ya kuinama. Mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya miti 256 kutoka mabara matano: huinama kuelekea ikweta, kwa wastani wa zaidi ya digrii 8. Karibu na ikweta, kama sisi, huinama kidogo. Kuinama siyo kuanguka, lakini ujue upande wa kuuangalia ni kaskazini.

Wengine husema, "Ukizidi nitakata kilele." Ukikata, umbo zuri ulilolilipia limekwenda; huchipua vilele viwili vitatu visivyo na nguvu kwenye upepo. Na ukiotesha kipande cha tawi la pembeni, mche hutambaa kando, hausimami.

Maoni yangu: uendelee kuuzwa, lakini muuzaji aseme ukweli wote. Unafaa uwanja mpana wa shule, kanisa, msikiti au shamba. Kwenye kiwanja kidogo uache ndani ya chungu. Ardhini panda mndimu, mpera au mstafeli, upate tunda. Kwa joto letu la Dar, mti mwembamba kama nguzo hata kivuli cha kuweka mkeka haukupi.

Kama umeshaupanda na bado ni mdogo, subiri masika, uchimbe na bonge lake la udongo, uuhamishe. Ukishapita paa, hiyo siyo kazi ya jembe tena. Ni ya fundi wa kukata miti, na gharama ni yako.