Damu Iliyomtisha Mama Huyu



Siku moja tulimpokea zahanati mama mmoja akilia. "Sista, vidonge vimeniozesha kizazi!" Tulimkalisha, tukamwuliza taratibu. Alikuwa amekwenda msibani akasahau vidonge vya uzazi wa mpango nyumbani kwa siku tano. Siku ya tatu damu ikaanza kutoka. Mumewe akamshuku kuwa ametoa mimba, na nyumba ikakosa amani.

Maelezo ya damu ile yalipatikana kwa tumbili. Tumbili wa Asia wa aina ya resusi hupata hedhi kama sisi, yapata kila siku 28. Mwaka 1927 mtaalamu wa Marekani, Edgar Allen, alieleza jinsi alivyowatoa tumbili majike ovari, yaani vifuko vya mayai, kisha akawachoma sindano zenye homoni tuiitayo leo estrojeni. Utando wa ndani wa kizazi ulinenepa. Aliposimamisha sindano, baada ya siku chache damu ilitoka. Hapakuwa na yai, mimba wala ugonjwa.

Mwaka 1929 George Corner na Willard Allen walieleza homoni ya pili, projesteroni, inayouandaa utando huo kupokea mimba. Ilipojaribiwa kwa tumbili, ilizuia damu. Ilipokatizwa, damu ikaja. Na mwaka 1940 J. E. Markee alieleza jinsi alivyopandikiza vipande vya utando huo ndani ya jicho la tumbili, akawa anatazama kama kupitia dirishani. Homoni ziliposhuka utando ulisinyaa, mishipa midogo ikajikaza, ndipo damu ikavuja.

Vidonge alivyotumia mama yule vina homoni za aina hizo mbili. Kuviacha ghafla ni sawa na kusimamisha sindano za wale tumbili. Ndiyo maana hata tunapofikia vidonge vya madini ya chuma mwishoni mwa pakiti, visivyo na homoni, damu hutoka.

Tulimpima mama yule. Hakuwa na mimba. Kwa ridhaa yake tulimwita mumewe, tukamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akamwambia mkewe, "Nisamehe, mama watoto." Walitoka pamoja.

Ukisahau vidonge, meza kimoja mara ukumbukapo, uendelee kila siku, na mwulize muuguzi kama unahitaji kinga nyingine, maana mimba yaweza kuingia.

Lakini tusidhani kila damu ni ya namna hiyo. Damu itokayo baada ya tendo la ndoa, katikati ya mwezi mara kwa mara, wakati wa ujauzito, au baada ya hedhi kukoma mwaka mzima, isifichwe kwa aibu. Nenda hospitali mapema, na kama mumeo ana mashaka, mwombe mwende wote.