Intaneti ya nyumbani: Usihesabu GB, hesabu saa za biashara

MFANYABIASHARA mmoja wa viatu wa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, amepoteza mzigo bila kuibiwa wala kutapeliwa. Kiwanda cha Guangzhou kilimtumia video ya viatu na kumtaka ajibu kabla ya saa sita mchana kwa saa za huko. Mzee wetu alikuwa nyumbani kwake Mbezi, ameshika simu, anasubiri video ifunguke. Ilipofunguka, viatu vilikuwa vimekwenda kwa mteja mwingine.

China ipo mbele yetu kwa saa tano. Kiwanda kinapofunguliwa saa 3 asubuhi Guangzhou, hapa Dar es Salaam ni saa 10 alfajiri. Saa sita mchana yao ni saa 1 asubuhi yetu, wakati ambao maduka mengi ya Kariakoo bado yana makufuli. Kwa anayeagiza mali kutoka huko, sebule ndiyo ofisi ya kwanza ya siku, na intaneti ya nyumbani ni chombo cha kazi kama mizani.

Baada ya hasara hiyo, mzee alishauriwa kama wanavyoshauriwa wengi siku hizi: achana na laini ya nyumbani, nunua ruta ya mtandao wa simu. Naye akauliza swali ambalo kila mtu huuliza: mtandao upi ni bora?

Kwa maoni ya safu hii, swali hilo limeulizwa vibaya. Hakuna mtandao bora kwa nchi nzima wala kwa jiji zima. Kuna mtandao unaofaa mahali ulipo, katika saa unayofanya biashara.

Sababu ni namna bidhaa hii inavyotengenezwa. Mnara mmoja hugawa uwezo wake kwa wateja wote walio karibu nao kwa wakati huo. Mchana, minara ya Kariakoo hubeba wauzaji, wanunuzi na mawakala wa fedha kwa pamoja. Usiku umati huohuo huhamia Tabata, Mbagala na Kimara, na minara ya huko nayo huelemewa. Mtandao unaokwenda kasi dukani saa 3 asubuhi unaweza kukwama nyumbani saa 3 usiku, na kampuni ni ileile.

Aidha, masafa hayafanani. Masafa ya chini, kama MHz 700 na 800, husafiri mbali na hupenya kuta. Masafa ya juu yanayotumiwa sana na 5G hubeba mzigo mkubwa zaidi, lakini hufika karibu na huchoka haraka yakikutana na zege. Vodacom ilizindua 5G nchini mwaka 2022 na wengine wakafuata. Hata hivyo, tangazo la 5G barabarani halina maana kama chumba chako kipo nyuma ya kuta tatu. Ruta ileile ukiihamisha kutoka kabatini hadi dirishani inaweza kukupa matokeo tofauti kabisa.

Jambo la pili ni hesabu. Laini ya nyumbani kwa kawaida huuzwa kwa kasi, na kifurushi cha simu huuzwa kwa ujazo. Wauzaji hutaja kasi kwa megabiti, ilhali mafaili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Ukiambiwa megabiti 20 kwa sekunde, maana yake ni megabaiti mbili na nusu. Video ya megabaiti 100 itachukua sekunde 40, iwapo kasi uliyoahidiwa ndiyo unayoipata.

Sasa geukia ujazo. Filamu yenye picha angavu hula takriban GB 3 kwa saa. Watoto wakitazama saa tatu kwa siku, hizo ni GB 9, na kwa mwezi GB 270. Mfanyabiashara anayehamishia nyumba nzima kwenye kifurushi cha simu atagundua katikati ya mwezi kwamba mtaji wake umeliwa na katuni. Vifurushi vinavyoitwa visivyo na kikomo navyo visomwe vizuri, kwani vingi hupunguza kasi ukishafikia kiwango fulani.

Kwa hiyo tunashauri mambo mawili yatenganishwe. Laini ya nyumbani, hata ikiwa ya polepole, ibaki kwa matumizi ya familia. Laini ya simu iwe ya biashara peke yake. Kama mtaa wako umefikiwa na faiba, uliza hiyo kwanza kabla ya kukimbilia ruta, kwa kuwa waya wa shaba ndio hupoteza kasi kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha simu.

Je, gharama ya laini ya pili inalipa? Tuchukue mfano. Kifurushi kimoja ni Sh. 50,000 kwa mwezi na kingine, kinachoshika vizuri alfajiri nyumbani kwako, ni Sh. 70,000. Tofauti ni Sh. 20,000. Ukikosa mzigo wa jozi 200 zenye faida ya Sh. 2,000 kila moja, umepoteza Sh. 400,000, ambazo zingelipia tofauti hiyo kwa miezi 20. Hii ndiyo gharama ya fursa iliyopotea, na haiandikwi kwenye bango lolote la vifurushi.

Msomaji asidhani kwamba laini mbili ni kinga kamili. Minara mingi nchini ni ya kampuni za minara kama Helios Towers, na mitandao miwili inaweza kukodi mnara mmoja. Mnara ukizima, zote mbili zimezima. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, wateja wa mitandao mbalimbali nchini waliathirika kwa pamoja. Na intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025, kwa siku kadhaa kubadili laini hakukumsaidia mtu. Kwa siku kama hizo, namba za simu za kiwanda na za wakala wako wa mizigo ziwe kwenye daftari, na nakala ya oda iwe kwenye karatasi.

Kwa wawekezaji wadogo nako kuna somo. Vodacom Tanzania ilipouza hisa zake mwaka 2017 kwa Sh. 850 kila moja na kuingia Soko la Hisa la Dar es Salaam, wananchi wengi walinunua kwa sababu walilijua jina. Jina peke yake halitoshi. Kampuni yoyote ya simu inayouza vifurushi vya nyumbani kwa wingi bila kuongeza uwezo wa minara hupata mapato leo na malalamiko kesho. Tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba, hivyo malalamiko yana miguu. Mwenye hisa asome ripoti ya mwaka aone ni kiasi gani kimewekezwa kwenye mtandao, asitazame idadi ya wateja peke yake.

Kwa mzee wetu wa viatu, na kwa wengine wa aina yake, ushauri ni huu. Azima au nunua laini za mitandao miwili au mitatu, iwe Vodacom, Airtel, Yas iliyokuwa Tigo, Halotel au TTCL. Weka kifurushi cha siku chache, si cha mwezi. Pima saa 10 alfajiri nyumbani, saa 6 mchana dukani na saa 3 usiku nyumbani, kwa wiki nzima, kwa kufungua faili lilelile. Andika dakika kwenye daftari. Usinunue ruta iliyofungwa kwa mtandao mmoja, wala usilipe mwaka mzima mbele, kabla daftari halijajaa.

Hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo anayenunua robota la mitumba bila kulipapasa. Kifurushi nacho ni mali ya dukani.