Programu za filamu zisiwafungie wengine gizani

Mwalimu yeyote aliyewahi kushika chaki katika shule zetu za Bonde la Ufa anaufahamu ubao unaong'aa. Jua la saa nne linapopenya dirishani, pembe moja ya ubao hugeuka kioo, na wanafunzi walioketi upande wa pili huanza kuulizana kwa minong'ono kilichoandikwa. Mwalimu mzoefu hangoji kuambiwa. Hufunga pazia, kama lipo, au huhamia upande wenye kivuli, na muhula ukiisha humwomba mwalimu mkuu rangi ya kuupaka ubao upya. Mwanafunzi yuyo huyo husoma maandishi meupe ubaoni, kisha huinamia daftari jeupe lenye wino mweusi, wala sijasikia mtu akidai kwamba kimojawapo kipigwe marufuku.

Suala hilo la kale limerejea kwa sura mpya katika programu za simu na tarakilishi ambazo kwazo vijana wetu hutazama filamu, tamthilia na masomo mtandaoni. Nyingi kati ya hizo huja zikiwa nyeusi tititi, na mtazamaji hapewi hiari ya kuzigeuza. Nyingine humpa hiari hiyo, lakini ukiwasha upande wa pili unakuta maandishi yamefifia hata hayasomeki.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kuchunguza lugha ya mazungumzo katika kipindi cha sita cha tamthilia moja ya Kiswahili. Kijana mmoja mwenye ualbino, mwenye bidii ya kupigiwa mfano, aliniletea uchambuzi safi wa kipindi cha nne. Nilimkata alama kabla sijamwuliza lolote. Nilipokuja kuifungua programu ile darasani kwa projekta ndipo nilipotahayari: majina ya vipindi yalikuwa ya kijivu hafifu juu ya weusi, na mimi mwenyewe, mtu wa miaka arobaini na ushei ninayevaa miwani ya astigmatizimu, sikuweza kutofautisha cha nne na cha sita. Nikafungua programu nyingine iliyokuwa na ukurasa mweupe pepepe, nikashusha pumzi. Kijana yule akafunika macho kwa kiganja. "Samahani, Mwalimu," akasema, "hapo sasa ndipo mimi sioni kabisa."

Naam, macho mawili katika chumba kimoja, na kila moja lilidai kinyume cha lingine. Sababu zinaeleweka. Penye giza mboni hupanuka ili iingize mwanga zaidi, na ikipanuka, dosari za umbo la jicho hudhihirika. Kwa mtu mwenye astigmatizimu, yaani ambaye uso wa mbele wa jicho lake umejipinda kama ganda la yai badala ya kuwa mviringo kama mpira, herufi nyeupe juu ya weusi huvuja kingo na kuparamiana. Mbele ya ukurasa mweupe mboni husinyaa na herufi hutulia. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Düsseldorf, Ujerumani, waliwapima vijana na wazee, wakaona kwamba makundi yote mawili yalisoma vyema zaidi maandishi meusi juu ya weupe. Lakini mapema zaidi, mwaka 1985, Gordon Legge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walionyesha kwamba baadhi ya watu wenye uoni hafifu, hasa walioingiwa na ukungu ndani ya jicho kama ilivyo kwa mtoto wa jicho, husoma vizuri zaidi maandishi meupe juu ya weusi, kwa kuwa weupe mwingi wa ukurasa hutawanyika ndani ya jicho na kuzifunika herufi. Mwenye ualbino naye huumizwa na mwanga mkali, maana jicho lake halina rangi ya kutosha ya kuuzuia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini, na wengi wao wamo madarasani mwetu au watoto wao wamo.

Isitoshe, hata mtu mmoja hana jicho moja siku nzima. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari na si mbali na ikweta. Toa simu yenye skrini nyeusi kituoni cha matatu saa sita mchana na utauona uso wako mwenyewe badala ya orodha ya filamu. Usiku, katika chumba cha bweni cha watu wanne huko Njoro, ukurasa mweupe utamwamsha mwenzako na kukuletea ugomvi.

Watetezi wa giza husema kwamba filamu ni mambo ya gizani, kama katika jumba la sinema. Hoja hii huniacha hoi. Gizani tulitazama picha. Mabango yaliyotueleza filamu gani inaonyeshwa na saa ngapi yalitundikwa nje, barabarani, kwenye jua. Hakuna aliyeingizwa ndani ya ukumbi wenye giza ndipo asome orodha. Wanafunzi nao hunijibu kwamba giza huhifadhi chaji. Wana kweli nusu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima mwaka 2021 simu zenye skrini za OLED, wakakuta kwamba katika kiwango cha mwangaza wa kawaida, asilimia 30 hadi 50, akiba ni asilimia 3 hadi 9 tu. Skrini za LCD, zilizomo katika simu nyingi za bei nafuu, zina taa ya nyuma inayowaka vilevile, uandike juu ya weusi au juu ya weupe.

Kosa la wabunifu, nionavyo mimi, ni kudhani kwamba ukishatengeneza upande mmoja, wa pili hupatikana kwa kuupindua kama shati. Mwongozo wa kimataifa wa W3C uliotolewa mwaka 2008 unataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Chukua buluu halisi: juu ya weupe inapata 8.6 kwa 1, juu ya weusi inaanguka hadi 2.4. Nyekundu halisi ni kinyume chake: 5.25 juu ya weusi, 4 tu juu ya weupe. Rangi ileile, hukumu mbili. Basi kila upande hauna budi kupimwa peke yake, pamoja na maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha, ambayo yanahitaji utepe wa rangi nyuma yake ili yasimezwe na mandhari ya theluji au ya usiku.

Na swichi yenyewe iwe na neno, si picha ya mwezi pekee. Hapa nami kama mwanaisimu nina lalamiko langu dogo. Baadhi ya simu zilizotiwa Kiswahili husema "mandhari meusi". Kwa masikio ya watu wengi wa hapa, mandhari ni yale ya Menengai na Ziwa Nakuru. Mama anayetafuta namna ya kupumzisha macho hatabonyeza hapo. "Skrini nyeusi" na "skrini nyeupe" yangetosha kabisa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuifikia habari. Tangu 2022 nchi hii pia ina kiwango cha KS 2952 kuhusu huduma za teknolojia zinazofikiwa na wote. Wizara na vyuo vinaponunua au kupendekeza programu za masomo ya video, vingeweza kuuliza swali moja kabla ya kutia saini: je, zimepimwa pande zote mbili?

Kazi ya kijana yule niliisahihisha upya, kama uchambuzi wa kipindi cha nne. Siku hizi ninapotoa kazi ya kutazama, naandika nambari ya kipindi, dakika kinapoanzia na maneno ya kwanza ya mzungumzaji wa kwanza, ili asiyeweza kusoma orodha akitambue kipindi kwa kusikia.