Begi Utaliacha, Mshipi Utabaki Nao

Nitasema kitu na najua kuna wasee watakasirika. Ile vesti ya kifuani iliyojaa mifuko, ile kila mtu anavaa kwa gemu na kwa video za vifaa vya jeshi, si ndiyo inamweka askari hai akiwa doria mbali na gari. Kinachomweka hai ni mshipi. Ule wa kizamani, mpana, wenye pochi zimeuzunguka kutoka nyonga moja hadi nyingine, na mikanda miwili ya mabegani ya kusaidia kubeba uzito.

Chukua jeshi la Uingereza, kwa sababu hao wameng'ang'ania mshipi miaka mingi. Askari wao wa miguu hufundishwa kugawa mzigo mara tatu. Mfukoni mwa nguo kuna vitu vya kukuokoa ukipoteza vingine vyote: kisu, dira, kibiriti. Kwa mshipi kuna vya kupigana na kuishi saa 24. Kwa begi kubwa la mgongoni kuna vya siku zinazofuata: malazi, nguo kavu, chakula cha ziada. Mantiki ni rahisi. Risasi zikianza kulia, begi linaenda chini, na huenda usirudi kulichukua. Kama maji yako yote yako kwa begi, basi huna maji.

Falklands, mwaka wa 1982, waliona hii kwa macho yao. Tarehe 25 Mei meli ya Atlantic Conveyor ilipigwa kombora, ikaenda na helikopta tatu kubwa za Chinook. Wanajeshi waliotarajia kubebwa wakatembea, kutoka San Carlos kuelekea Stanley, kwa baridi na matope, wengi na zaidi ya kilo 30 mwilini. Mishipi yao ilikuwa ya muundo wa 1958, kitambaa cha pamba kinachokunywa mvua na kuwa kizito. Miaka iliyofuata wakahamia nailoni, lakini wazo lilibaki lile lile.

Sasa kupanga. Hapa ndipo sisi watu wa kontenti tunadanganya, na mimi nikiwa mmoja wao. Tunaonyesha pochi kumi, hatusemi kwa nini. Anza na maji: chupa mbili za lita moja, moja kila upande, ndio uzito usilalie nyonga moja. Kikombe cha chuma kinavaana na chupa, na hicho ndicho sufuria yako. Magazini za risasi zinakaa ubavuni kuelekea mbele, pale mkono unafika bila kufikiria. Nyuma weka chakula cha siku moja, jiko dogo, koti la mvua na vifaa vya kusafisha bunduki. Pochi ya huduma ya kwanza ikae mahali pamoja kwa kila mtu wa kikosi, kwa sababu siku ukiumia mwenzako ndiye ataitafuta, tena gizani.

Mbele ya tumbo acha wazi. Askari hulala kifudifudi, na mfuko ukiwa hapo unamwinua aonekane. Pochi zibanane, zifungwe zisicheze. Wengi hukata kipande cha mkeka wa sponji wakakizungusha ndani ya mshipi ndio usichubue ngozi. Mshipi ukae kwa nyonga, na pochi za nyuma zisipande sana, ndio begi likae juu yake bila kugongana. Halafu ruka mara tatu. Ukisikia kitu kinalia, fungua upange tena. Mwisho, fumba macho utoe kila kitu kwa kugusa. Ukishindwa, hujapanga, umejaza tu.

Hii nilijifunza kwa aibu, na mimi si hata askari. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikabaki na kamera moja na muda mwingi. Siku moja tukapanda Elephant Hill, huko Nyandarua, nikamwachia rafiki begi karibu na kilele ndio nipige video nikiwa mwepesi. Ukungu ukashuka, tukapishana. Nikajikuta peke yangu kwenye mianzi, simu iko asilimia nne, sina maji, sina koti, sina filimbi. Vyote nilikuwa nimebeba. Vilikuwa kwa begi. Ranger alinipata jioni, midomo imekauka. Hiyo video sijawahi kuiposti.

Na hiyo misitu ina historia yake. Miaka ya hamsini, askari wa Uingereza na wa King's African Rifles waliitembea na mishipi yao wakiwawinda Mau Mau. Wapiganaji wetu hawakuwa na bohari ya jeshi nyuma yao. Walilishwa na watu wao. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni ikahamisha watu kwa vijiji vilivyozungushiwa handaki na seng'enge, chakula kikakatwa, na wengi msituni wakabaki na njaa. Ujasiri haukuwa umeisha. Kwa hivyo nikisifu mshipi wa Mwingereza, simsifu aliyeuvaa. Nasema tu kwamba anayetegemea kuletewa anaweza kukatiwa.

Na tafadhali, kabla hujakimbia Gikomba kutafuta wa jeshi: raia kuvaa sare za jeshi hapa Kenya ni kosa, na hiyo rangi ya mabaka itakupeleka kituoni. Wewe unaenda mlimani, huendi vitani. Mshipi wa kawaida wa rangi moja na pochi tatu unatosha.

Lita moja ya maji, filimbi, koti jepesi, kitu cha kula. Vikae kwa mwili wako hata ukienda kupiga picha ya dakika tano. Hasa ukienda kupiga picha ya dakika tano.