Gwanda si Kinga ya Maradhi

Tunapozungumzia askari aliyetumwa nchi za mbali, aghalabu fikira zetu hukimbilia bunduki, vifaru na adui aliyejificha vichakani. Ni nadra kwetu kukifikiria choo cha kambini. Hata hivyo, historia ya miaka ya karibuni yatufundisha kwamba choo hicho chaweza kuangamiza watu wengi kuliko risasi.

Nasema hivi nikiikumbuka Haiti. Nchi hiyo ilikuwa haijashuhudia kipindupindu kwa takriban karne nzima hadi Oktoba 2010, miezi michache baada ya kukumbwa na tetemeko kubwa la ardhi. Mwezi huo huo waliwasili walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Nepal, nchi ambako ugonjwa huo ulikuwapo. Kambi yao ilikuwa karibu na mji wa Mirebalais, kando ya kijito kinachomwaga maji yake katika mto Artibonite. Uchafu wa vyoo ukaingia kijitoni, na raia waliotegemea maji ya mto wakaanza kuugua. Hatimaye wagonjwa walizidi 800,000 na karibu watu 10,000 wakafa.

Kwa miaka mingi Umoja wa Mataifa ulikwepa lawama. Ni Desemba 2016 tu ambapo Katibu Mkuu wa wakati huo, Ban Ki-moon, aliwaomba radhi Wahaiti. Linalonisikitisha ni kwamba msiba huo ungaliweza kuzuiwa kwa gharama ndogo. Jopo la wataalamu lilipendekeza mwaka 2011 kwamba askari watokao katika nchi zenye kipindupindu wapimwe au wapewe dawa kabla ya kusafiri, na kwamba uchafu wa vyoo usafishwe papo hapo kambini. Sioni lolote hapo lihitajilo maarifa ya ajabu.

Huenda msomaji akadhani kuwa hayo ni masaibu ya majeshi yasiyo na uwezo. La hasha! Machi 2020, virusi vya korona vilizuka ndani ya manowari ya Marekani ya kubeba ndege, Theodore Roosevelt, iliyokuwa na mabaharia wapatao 4,800. Mabaharia hulala kwa kubanana, hula pamoja na kupita katika vijia vyembamba, kutengana hakuwezekani. Nahodha wake, Brett Crozier, aliandika barua akisihi watu wake washushwe nchi kavu katika kisiwa cha Guam. Barua hiyo ilipochapishwa gazetini, alivuliwa wadhifa wake. Zaidi ya mabaharia 1,200 waliambukizwa na mmoja akafariki. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

Baada ya hapo, majeshi yalijifunza. Mabaharia wa Marekani walianza kutengwa kwa siku 14 kabla ya kung'oa nanga. Nao Umoja wa Mataifa, Aprili 2020, ulisimamisha kwa muda ubadilishanaji wa vikosi vya walinda amani, ili askari wasiwe wachukuzi wa maradhi kutoka bara hadi bara. Uamuzi huo ulikuwa na machungu yake, kwani waliotarajia kurejea makwao walilazimika kubaki kazini.

Jambo hili latuhusu sisi Wakenya. Juni 2024, polisi wetu walitua katika Haiti hiyo hiyo, ambako kipindupindu kilikuwa kimerejea mwaka 2022. Azimio nambari 2699 la Baraza la Usalama, lililoidhinisha ujumbe huo Oktoba 2023, liliutaka udhibiti maji taka ili kuzuia magonjwa kama kipindupindu. Kwa maoni yangu, sharti hilo lina uzito sawa na amri yoyote ya kivita, kwani mwananchi aliyempoteza mwanawe kwa sababu ya maji machafu hatajali kama mgeni wake alikuja kwa nia njema.

Walimu na wanafunzi, tunapofundisha historia ya vita, tusiishie kwenye majina ya majemadari na tarehe za mapigano. Tuulize pia maji yalitoka wapi, uchafu ulitupwa wapi, na nani aliruhusiwa kusema ukweli. Kikosi kisichoweza kuyajibu maswali hayo matatu hakijawa tayari kwa safari, hata kiwe na silaha kali namna gani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huko Haiti ukuta huo umejengwa juu ya makaburi.