GEMU JIPYA LA MTANDAONI: UINGIE SIKU YA KWANZA AU UVUTE SUBIRA?

 

Leo nataka tuongee na wale wenzetu ambao wakisikia gemu jipya la kuchezwa na watu wengi mtandaoni linatoka Ijumaa, basi Alhamisi hawalali. Bando limeshanunuliwa, hela imeshachangwa, na hata kwenye harusi ya binamu wameshatoa udhuru. Swali langu ni dogo tu: hiyo siku ya kwanza mnakwenda kucheza, au mnakwenda kupanga foleni?

Msininunie jamani. Hebu tuangalie yaliyowakuta wenzenu.

Mei 15, 2012, kampuni ya Blizzard ilitoa Diablo III. Ndani ya saa 24 ziliuzwa nakala zaidi ya milioni tatu na nusu. Basi watu wakakimbilia mlangoni na kukutana na maneno mawili tu, "Error 37", yaani seva imeelemewa, jaribu baadaye. Kilichowauma zaidi ni kwamba gemu lile mtu angeweza kabisa kulicheza peke yake chumbani, ila lilitaka intaneti muda wote. Hela imetoka, gemu unalo, na kucheza huchezi!

Machi 2013 ikawa zamu ya SimCity ya EA. Hata kujenga kamji kako mwenyewe ilibidi uwe hewani, na seva zikagoma. EA ikawagawia wateja gemu jingine la bure kama pole. Nafasi ya kucheza bila intaneti ilikuja Machi 2014, mwaka mzima baadaye. Halafu Septemba 28, 2021, Amazon ikazindua New World. Watu zaidi ya laki tisa walikuwemo kwa wakati mmoja, wakati kila seva ilibeba kama elfu mbili tu. Foleni zikawa za masaa.

Utauliza, kampuni zenye mabilioni zinashindwaje kununua mashine? Bwana, mwenye daladala hanunui mabasi kumi kwa ajili ya abiria wa siku ya Idi peke yake. Umati wa wiki ya kwanza wenye kampuni wanajua utapungua, kwa hiyo wanapiga hesabu ya wale watakaobaki. Tena shida si mashine peke yake. Helldivers 2 ilipotoka Februari 8, 2024, wenyewe hawakutegemea umati ule. Ilibidi waweke kikomo cha watu 450,000 kwa wakati mmoja, wakarekebisha programu yenyewe, ndipo wakapandisha hadi 700,000. Johan Pilestedt, aliyekuwa bosi wa kampuni ile wakati huo, alimjibu shabiki mmoja kwamba kama hana hela ya ziada, asubiri kwanza seva zitengemae. Mwenye duka mwenyewe anakwambia usinunue leo! Sasa wewe una haraka ya nini?

Na hiyo ni foleni tu. Kuna kulizwa kabisa. Desemba 7, 2023 ilitoka The Day Before kwa dola 40, kama laki moja hivi ya Kitanzania. Siku nne baadaye watengenezaji wakatangaza wanafunga kampuni. Januari 22, 2024 seva zikazimwa. Waliolipa walirudishiwa hela yao, lakini walioisubiri kwa miaka walibaki wameshika tama.

Hapo najua kuna mtu ananyoosha kidole: "Sasa wote tukisubiri, nani atacheza?" Hoja yako ni nzito, wala siipuuzi. Gemu la mtandaoni ni kama disko. Muziki uwe bomba, taa ziwe bomba, kama hakuna watu utacheza na ukuta. Concord ya Sony ilitoka Agosti 23, 2024, nayo kwa dola 40. Seva zilikuwa zinapumua vizuri tu, ila watu hawakuja. Kwenye Steam hawakufika hata 700 kwa wakati mmoja. Septemba 6 ikazimwa, hela zikarudishwa, mchezo ukaishia hapo.

Pia siku za mwanzo zina utamu wake. Wote mnakuwa wageni, hakuna mbabe, kila mtu anapapasa njia. Ukiingia baada ya miezi sita unakutana na watoto wanaojua kila kona, wanakufyeka kabla hujajua kitufe cha kukimbilia. Na kuna mambo hayarudi. Final Fantasy XIV ilitoka Septemba 2010 ikiwa mbovu kupindukia. Kampuni ikaweka kiongozi mpya, Naoki Yoshida, na Novemba 2012 dunia yote ya gemu lile ikaangamizwa, mwezi ukawaangukia wachezaji vichwani. Agosti 2013 ikarudi upya, ikapendwa sana. Waliosubiri walipata gemu zuri, lakini mwezi ukianguka waliuona wale waliovumilia ubovu.

Wahenga nao wametuacha njia panda. Haraka haraka haina baraka, halafu hao hao wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Tushike lipi?

Mimi nasema tuangalie mfuko. Kama gemu ni la bure, ingia siku yoyote, ukikuta kasheshe unalala zako, hujapoteza kitu zaidi ya bando. Ila hata bando si dogo, kuna magemu yanavuka GB 100, na viraka vya wiki ya kwanza navyo vinataka chao.

Kama gemu ni la kulipia, ngoja wiki tatu. Muda huo unatosha kujua mambo matatu: kama mlango unafunguka, kama watu bado wamo, na kama kwa mtu aliyeko Dar linachezeka. Kampuni nyingi hazina seva Afrika Mashariki, kwa hiyo unaweza kubonyeza leo risasi ikatoka kesho. Muulize mtu wa hapa hapa mjini aliyekwishalijaribu, usimsikilize wa Marekani.

Ruhusa ya kuvunja sheria hii ni moja tu: mkiwa mnaingia na washikaji zako watatu au wanne mliokubaliana. Hapo hata foleni mtaipiga kwa vicheko. Na mkinunua Steam kumbukeni, hela inarudishwa ukiomba ndani ya siku 14 na uwe hujafikisha saa mbili za kucheza. Lakini angalia, ukiwasha gemu ukakaa kwenye foleni, saa nayo inatembea. Wajanja huzima.

Tena subira hulipa. Rocket League iliuzwa tangu Julai 2015, ila Septemba 2020 ikawa bure. Among Us ilitoka mwaka 2018 kimya kimya, na ni 2020 ndipo dunia nzima ikaanza kuitaka. Gemu zuri halikukimbii. Linalokufa ndani ya wiki mbili, mshukuru Mungu limekufa bila laki yako.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Chezeni, furahini, ila kodi ya chumba isiguswe!